Upweke wenye kwaya ndani yake

Kufikia mwaka 2014 mwimbaji Mwingereza Damon Albarn alikuwa amejificha nyuma ya majina mengi. Kwanza Blur, bendi ya roki mbadala iliyozaliwa London mwishoni mwa miaka ya themanini na kuitikisa Uingereza kwa albamu ya Parklife mwaka 1994. Kisha Gorillaz, bendi ya vikatuni aliyoibuni na mchoraji Jamie Hewlett, ambayo wanamuziki wake huwaoni popote ila kwenye michoro. Halafu The Good, the Bad & the Queen, ambako alimweka Tony Allen, yule mpiga ngoma wa Fela Kuti, pembeni ya Paul Simonon aliyepiga besi kwenye The Clash. Halafu Rocket Juice & the Moon. Katikati ya hayo alikwenda Mali akarudi na albamu, akaenda Kinshasa akarudi na nyingine. Mtu wa namna hiyo akija siku moja na albamu, Everyday Robots, akasema hii sasa ni yangu, kwa jina langu, inabidi uache ulichokuwa unafanya usikilize.

Najua mashabiki wakorofi watanirukia. Watataja Democrazy ya mwaka 2003, na watataja Dr Dee ya 2012, zote zikiwa na jina lake. Haya. Ya kwanza ni vipande vya nyimbo ambazo hazijakamilika, alivyovirekodi hotelini Blur ilipokuwa ziarani Marekani, vikatolewa kwenye santuri chache tu. Ya pili ni muziki wa opera kuhusu John Dee, msomi wa enzi ya Malkia Elizabeth wa Kwanza. Albarn mwenyewe na kampuni yake walipoitangaza Everyday Robots waliiita albamu yake ya kwanza ya peke yake, nami nitawafuata wao.

Ilitoka London tarehe 28 Aprili 2014, chini ya kampuni ya Parlophone. Vipande 12, dakika zipatazo 46. Jaladani amekaa kwenye kigoda, kichwa ameinamisha, nyuma yake ukijivu mtupu. Kabla hujabonyeza chochote umeshaambiwa kwamba huyu mtu yuko peke yake. Nimeisikiliza albamu hii kwa miaka sasa, na ninazidi kuamini kwamba ile picha inatudanganya, na kwamba albamu inapendeza zaidi kila uongo wake unapofichuka.

Niseme mapema kwamba roki si nyumbani kwangu. Nimekulia wilayani Same, na muziki wetu ulikuwa kwaya za Wasabato na Walutheri, dansi la redioni, kisha bongo fleva ilipotupata. Gorillaz niliwaona kwenye televisheni, nikapenda vile vikatuni kabla sijajua kuna binadamu gani nyuma yake. Kilichonivuta kwenye Everyday Robots ni wimbo wa nne kwenye orodha, unaoitwa "Mr Tembo". Nilipogundua kwamba tembo mwenyewe ni wa Mkomazi, hifadhi ninayoijua tangu nikiwa mtoto, sikuwa na namna ila kuitafuta albamu nzima. Lakini wimbo huo nitaurudia. Kwanza jinsi albamu ilivyotengenezwa, maana hapo ndipo penye mambo.

Mtu wa pili kwenye albamu hii ya mtu mmoja ni Richard Russell. Ndiye bosi wa XL Recordings, kampuni ya London iliyowatoa The Prodigy na baadaye Adele. Ndiyo pia iliyotoa The Eraser mwaka 2006, albamu ya kwanza ya peke yake ya Thom Yorke wa Radiohead, kwa hiyo suala la mwimbaji wa bendi kubwa kutoka nje akiwa peke yake halikuwa geni ofisini kwao. Russell si bosi wa kukaa nyuma ya meza tu. Alianza kama DJ wa muziki wa rave, na mwaka 2010 alikaa kwenye kiti cha mtayarishaji wa I'm New Here ya Gil Scott-Heron, mshairi na mwimbaji wa Marekani. Hiyo ni albamu fupi, kavu, ya sauti ya mzee iliyochakaa ikitembea juu ya midundo michache. Anayeijua atatambua mara moja nini kilifuata.

Albarn na Russell walifanya kazi pamoja Kinshasa mwaka 2011. Kundi la watayarishaji kutoka Ulaya na Marekani lilikaa na wanamuziki wa Kongo, wakarekodi kwa siku chache tu albamu iliyoitwa Kinshasa One Two, mapato yakaenda kwa shirika la Oxfam. Mwaka uliofuata wawili hao wakaitayarisha The Bravest Man in the Universe ya Bobby Womack, mkongwe wa soul ambaye alikuwa amekaa kimya kwa muda mrefu. Womack alifariki Juni 2014, miezi miwili baada ya Everyday Robots kutoka. Kwa hiyo walipoingia Studio 13, studio ya Albarn mwenyewe iliyoko London magharibi, walikuwa wamekwishazoeana, na walikuwa wamekwishajifunza kwa wazee wawili namna ya kuiacha sauti ibaki uchi.

Mgawanyo wao wa kazi ulikuwa wa ajabu kidogo kwa albamu ya aina hii. Albarn alileta nyimbo, makumi ya nyimbo na vipande vya nyimbo, pamoja na piano, gitaa na sauti yake. Midundo na kelele ndogondogo zikawa za Russell. Na kazi ya kuchagua kipi kibaki na kipi kiende, kazi ambayo ungedhani ndiyo kiini cha kuwa peke yako, akamwachia Russell pia. Fikiria mwimbaji ambaye kwa miaka zaidi ya ishirini amekuwa nahodha wa kila chombo alichopanda, ambaye wenzake wa Blur wamewahi kuchoshwa na unahodha wake, siku anapotaka kusimulia maisha yake mwenyewe anamkabidhi mtu mwingine usukani. Wengine wangeuita uvivu. Kwangu ndio uamuzi wa busara kuliko yote kwenye kazi hii, kwa sababu mtu hajui ni kipi katika maisha yake kinawagusa wengine. Albarn angejichagulia mwenyewe, nadhani angetupa albamu ya mbwembwe.

Alichofanya Russell kinasikika tangu sekunde za mwanzo. Ngoma hazipigwi kama ngoma. Zinagonga, zinakwaruza, zinapumua, kama mtu anayetembea kwenye chumba cha juu na wewe uko chini. Juu yake kuna kipande cha fidla kinachojirudia, piano chache, na sauti ya Albarn ikiwa chini kabisa, haipandi hata pale ambapo unasubiri ipande. Huyu ndiye mtu yuleyule wa "Song 2" ya Blur ya mwaka 1997, wimbo ambao watu wengi duniani wanaujua kwa ukelele mmoja tu wa viwanja vya mpira. Hapa hakuna kelele hiyo hata mara moja.

Wimbo wa kwanza, wenye jina la albamu, unafunguliwa na sauti isiyo yake. Ni ya Lord Buckley, mchekeshaji wa Marekani aliyefariki mwaka 1960, akisimulia juu ya watu waliopotea njia: hawakujua wanakoenda, ila walijua kwamba pale walipo sipo. Baada ya hapo Albarn anaingia na kuwaelezea watu wa leo, mimi na wewe, tukirudi nyumbani jioni huku macho yamezama kwenye simu. Wahakiki kadhaa walichoshwa na hapo. Mwanamuziki tajiri wa miaka arobaini na sita analalamikia simu, wakasema, jambo jipya liko wapi? Nawaelewa. Ukiyasoma maneno ya wimbo huo kwenye karatasi, hayana makali. Lakini kuna kitu wanakiruka: Albarn hajiweki nje ya hao anaowaimba. Video ya "Lonely Press Play", wimbo wa tatu, aliipiga mwenyewe kwa kompyuta bapa akiwa safarini, Tokyo, Iceland, Korea Kaskazini na kwingineko, barabara na madirisha ya treni yakipita. Anaimba juu ya mtu mpweke anayebonyeza kitufe ili muziki umliwaze, na wakati huohuo ndiye huyo mtu, kifaa mkononi, kila nchi anaitazama kupitia kioo. Kuna wimbo mwingine mbele huko, "Photographs (You Are Taking Now)", ambao ndani yake sauti ya Timothy Leary, mwanasaikolojia wa Marekani, inatuonya tuwe waangalifu na picha tunazopiga. Aliyeuweka onyo hilo ndiye mpiga picha mwenyewe.

Katikati ya albamu kuna "The Selfish Giant", anayoimba na Natasha Khan, anayejulikana kwa jina la Bat for Lashes. Ni wimbo wa wapenzi wawili ambao televisheni imewaka chumbani na mapenzi hayapati nafasi. Mzuri, na unatosha. Vipande viwili vifupi visivyo na maneno naviruka kila siku.

Ninapokaa sana ni wimbo wa nane, "Hollow Ponds". Albarn alizaliwa Whitechapel mwaka 1968 na kulelewa Leytonstone, mashariki mwa London, hadi familia ilipohamia Essex karibu na Colchester akiwa na umri wa miaka tisa hivi. Hollow Ponds ni mabwawa yaliyopo pembezoni mwa Leytonstone, kwenye msitu wa Epping. Wimbo unaanzia kwenye joto kali la kiangazi cha mwaka 1976, watoto wakioga bwawani, kisha unaruka miaka bila kuomba radhi. Inafika miaka ya tisini mwanzoni, anasema nusu ya barabara yao imegeuka kuwa njia kuu ya magari. Anaigusa 1993 na ile sentensi iliyopuliziwa rangi ukutani London, ambayo Blur waliichukua ikawa jina la albamu yao ya pili, Modern Life Is Rubbish. Hakuna kiitikio cha kushika. Ni tarehe tu, mwaka baada ya mwaka, na nyuma yake muziki unaotambaa.

Huo ndio uandishi ninaoupenda. Haelezi alivyojisikia barabara ilipokatwa katikati ya utoto wake. Anasema ilikatwa, anataja mwaka, anaendelea. Msikilizaji aliyewahi kurudi mtaani kwao akakuta kwa kina fulani pamekuwa kituo cha mafuta anajaza mwenyewe yaliyobaki.

Sasa kwaya. Kwenye mtaa wa utotoni kwake kulikuwa na kanisa la Kipentekoste, na alipokuwa anatengeneza albamu hii alirudi Leytonstone akawatafuta waimbaji wake. Leytonstone City Mission Choir wanasikika kwenye nyimbo mbili, "Mr Tembo" na "Heavy Seas of Love" inayofunga albamu. Kwa sikio lililolelewa na kwaya, hizo ndizo dakika za albamu ninazozifahamu kwa mwili. Baada ya sauti moja iliyokuwa ikinong'ona kwa nusu saa na zaidi, ghafla kuna watu wengi. Wala hawaimbi kwa ustadi wa kutisha, wala Russell hajawasafisha hadi waonekane wamefanywa na mashine. Ni kwaya ya kanisa kweli, yenye pumzi na makofi. Kwenye "Heavy Seas of Love" mistari inaimbwa na Brian Eno, mtayarishaji mashuhuri na jirani yake wa London magharibi, kwa sauti nzito ya mjomba anayeombwa aseme maneno mawili harusini. Albarn na kwaya wanaingia kwenye kiitikio. Hebu tafakari: wimbo wa mwisho wa albamu ya mtu mmoja, na mistari yake anampa mtu mwingine aimbe.

Ndiyo maana nasema ile picha ya kigoda inadanganya. Upweke umo kwenye maneno ya nyimbo. Kwenye kazi yenyewe, kila palipobaki pengo Albarn amemwita mtu aje alijaze.

Tuje Mkomazi. Kwa asiyeijua, ni hifadhi iliyo kaskazini mashariki mwa Tanzania, kati ya milima ya Upare na Usambara na mpaka wa Kenya, ikigusana na Tsavo Magharibi. Ilikuwa pori la akiba tangu 1951, ikapandishwa kuwa Hifadhi ya Taifa mwaka 2008. Tembo wanavuka mpaka huo bila pasipoti kufuata maji na majani. Albarn alisimulia kwamba huko Mkomazi alikutana na mtoto wa tembo aliyekuwa yatima karibuni tu. Alitokea akitembea peke yake kwenye uwanja wa ndege wa zamani, watu wa pale wakamchukua na kumlea, wakampa jina la Mr Tembo. Albarn akatunga wimbo, akamwimbia palepale. Kwa maelezo yake mwenyewe, tembo alijisaidia wimbo ukiendelea. Sijawahi kusikia uhakiki mfupi kuliko huo, na Albarn ndiye aliyekuwa akiusambaza kwa kicheko.

Ni wimbo mwepesi, wa ukulele na makofi, alioutunga kumfurahisha binti yake, na hakuwa na mpango wa kuutia kwenye albamu. Russell ndiye aliyeupenda. Ukitoka kwenye "Lonely Press Play", ambayo ni kama usiku wa kuamkia Jumatatu, unaingia ghafla kwenye kitu kama shule ya Jumapili. Wahakiki waligawanyika. Wapo walioshukuru kupata pumzi, na wapo waliosema ni wimbo wa watoto ulioingia chumba kisicho chake. Mimi kwa muda mrefu nilikuwa upande wa pili, tena kwa hasira yangu binafsi.

Hasira yenyewe ni hii. Miaka ileile albamu inatengenezwa, tembo wa Tanzania walikuwa wanauawa kwa kasi isiyowahi kuonekana kwa kizazi chetu. Hesabu ya mwaka 2009 ilionyesha tembo zaidi ya laki moja na elfu tisa nchini; ya mwaka 2014, mwaka uleule wa albamu, ilionyesha elfu arobaini na tatu na ushee. Sehemu kubwa ya waliopungua waliuawa kwa ajili ya pembe. Katika hali hiyo, mtoto wa tembo asiye na mama si jambo la ukulele. Na upande wa pili wa uzio kuna watu ambao hawatajwi kabisa kwenye wimbo. Mwaka 1988 wafugaji waliokuwa wakilisha mifugo Mkomazi waliondolewa. Kundi lao lilidai haki mahakamani na kesi ikafika hadi Mahakama ya Rufani. Na mpaka leo wakulima wa vijiji vya pembeni mwa hifadhi wanakesha mashambani.

Shangazi yangu analima mahindi upande wa Kihurio. Siku moja nilimpigia simu, nikamwamkia, nikamwambia kuna Mzungu maarufu amemwimbia tembo wa Mkomazi. Akanyamaza kidogo.

"Kamwimbia ili aondoke, au?"

Nikamwambia hapana, shangazi, anampenda.

Alicheka mpaka akakohoa. "Basi mwambie, mwanangu, aje amwimbie huku mahindi yakianza kubeba. Sisi tumechoka kupiga madebe."

Nilicheka naye. Ila baadaye nilianza kuusikiliza wimbo kwa namna nyingine, na nikajikuta ninalegeza msimamo. Maneno yake yanasema kitu kidogo tu: kwamba huyu kiumbe anapanda kilima, hayuko alikopanga kuwa, na hawezi kufika bila kupewa mkono. Na wanaompa mkono kwenye rekodi ni akina nani? Ni wale waimbaji wa kanisa la mtaani Leytonstone. Mtoto aliyeondolewa mahali pake, akaokotwa na watu asiowajua. Ukiweka wimbo huu karibu na "Hollow Ponds", na yule mvulana wa miaka tisa anayehamishwa kutoka mtaa wake, unaona kwamba Russell hakukosea kuuchagua. Hasira yangu juu ya mahindi ya shangazi haijaisha. Wimbo bado hauwajui watu wa Kihurio. Lakini siwezi tena kusema hauna kazi kwenye albamu. Ukiutoa, albamu inabaki na mtu anayejitazama kwenye kioo kwa dakika arobaini na kitu.

Wimbo uliozua gumzo zaidi magazetini ulikuwa mwingine, "You and Me", wa saba, mrefu kuliko yote. Ndani yake kuna karatasi ya foili, kuna kiberiti, kuna siku tano za kutumia na siku mbili za kupumzika. Msomaji wa Tanga, Mombasa au Unguja hahitaji kuelezwa hapo. Ni unga. Albarn alizungumza waziwazi na jarida la muziki la Q kuhusu heroini aliyoitumia miaka ya tisini, Blur walipokuwa juu kabisa, na akakiri kwamba kipindi fulani aliona inamsaidia kufanya kazi. Vichwa vya habari vikafuata, kila mahojiano yakawa hayohayo. Kwa upande wangu naona alijitia mwenyewe kwenye mtego: kusema jambo kama hilo kwa mwandishi wa habari halafu ushangae limekuwa habari ni utoto. Sisi tuliowaona vijana wa mtaani wakisinzia wamesimama hatuna hamu ya kusikia upande wake wa manufaa.

Wimbo wenyewe, hata hivyo, una akili kuliko mahojiano. Haujisifu, wala hauombi msamaha. Unazitaja hizo siku tano na mbili kwa sauti ileile iliyotaja miaka ya Leytonstone, kisha unatoka nje, mtaa wa All Saints Road, Notting Hill, ambako anapita Moko Jumbie, yule mcheza ngoma wa magongo marefu wa karnivali za Trinidad, ambaye hadithi za Karibiani zinasema alitoka Afrika akaivuka bahari kwa miguu. Unga ndani, karnivali nje, mlango mmoja kati yake. Halafu wimbo unageuka katikati, unapata joto, na nusu ya pili ni miongoni mwa muziki mzuri kuliko wote aliowahi kuutunga.

Mapokezi kwa jumla yalikuwa ya heshima. Iliingia nafasi ya pili kwenye chati ya albamu za Uingereza, ikateuliwa kuwania Tuzo ya Mercury ya mwaka 2014, ile ya albamu bora ya mwaka, tuzo ikaenda kwa Young Fathers wa Edinburgh. Neno lililorudiwa na karibu kila mhakiki ni huzuni, na waliokuwa na lawama walilalamika kwamba huzuni yenyewe haibadiliki rangi, kwamba nyimbo zinafanana mwendo, kwamba mtu aliyetunga Parklife anaweza kufanya zaidi ya kunong'ona. Lawama hiyo ina ukweli. "Hostiles" na "The History of a Cheating Heart" zingebadilishana nafasi na hakuna ambaye angeshtuka. Mtu akinunua albamu hii akitarajia roki atakuwa na haki ya kudai pesa yake.

Kisha akaipeleka jukwaani, na hapo ikawa kichekesho kabisa. Aliunda bendi ya kumsindikiza, akaiita The Heavy Seas. Novemba ya mwaka huohuo alipiga usiku mbili Royal Albert Hall, ukumbi wa heshima wa London, na rekodi ya maonyesho hayo ikatolewa. Waliopanda jukwaani ni Brian Eno, kundi la rap la De La Soul, rapa Kano, Graham Coxon mpiga gitaa wa Blur, na kutoka Mali, Afel Bocoum na mpiga kora Madou Diabaté. Albamu ya mtu aliyeinamisha kichwa kwenye kigoda ikageuka shughuli. Nimezisikiliza rekodi zile, na nyimbo zilezile zilizokuwa zimenywea studioni zinasimama wima zinapozungukwa na watu.

Na kumbe hata wakati anatengeneza huo upweke, bendi yake ya zamani ilikuwa inanyemelea. Mei 2013 tamasha moja la Japani lilifutwa, Blur wakajikuta wamekwama Hong Kong na siku tano mikononi. Waliingia studio ndogo wakapiga tu. Baadaye Coxon na mtayarishaji wao wa zamani, Stephen Street, walizishughulikia zile rekodi, wakamrudishia Albarn aweke maneno. Matokeo yake ni The Magic Whip, iliyotoka Aprili 2015, takriban mwaka mmoja tu baada ya Everyday Robots, na ikafika namba moja. Ile safari ya Korea Kaskazini iliyoonekana kwenye video ya "Lonely Press Play" ikazaa wimbo wa Blur, "Pyongyang".

Albamu ya pili kwa jina lake ilichelewa hadi Novemba 2021, The Nearer the Fountain, More Pure the Stream Flows. Iliyumba kutoka kazi ya okestra iliyoanzia kwenye mandhari ya Iceland, ikakutana na karantini ya korona, ikamalizikia nyumbani kwake Devon. Ni pana zaidi, ina upepo na bahari, na wanamuziki Simon Tong na Mike Smith wamo ndani. Huko nako hakukaa peke yake.

Anayetaka kuanza na Everyday Robots asifuate mpangilio. Aanze na "Hollow Ponds", arudi nyuma "You and Me", kisha amalizie na Eno na kwaya. Mwenye watoto awawekee "Mr Tembo". Mwenye shangazi Kihurio aandae majibu.